Herufi za Mdomo

Daktari Masolwa aliketi upande wa kushoto wa Swaumu, akaanza kuzungumza na Abbasi, mumewe.

Swaumu aliona midomo ya daktari ikicheza. Aliona mkono wake ukipanda mpaka sikioni, ukachora duara hewani, ukashuka. Aliona na uso wa mumewe ukibadilika mara mbili, kwanza kama mtu aliyekabwa koo, halafu kama mtu aliyeachiwa. Maneno yenyewe yalimfikia kama mazungumzo ya nyumba ya jirani. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa tangu masika ya mwaka uliopita, na ndani yake palibaki mlio wa nyenje usiokatika mchana wala usiku.

"Daktari," alisema, akijitahidi asipige kelele, maana siku hizi hakujua tena sauti yake ina ukubwa gani. "Mgonjwa ni mimi. Naomba uhamie huku kulia."

Daktari alikuwa kijana wa Kisukuma, miwani mizito, koti jeupe lililompwaya mabegani. Aliona haya. Akanyanyua kiti chake mwenyewe, akazunguka nacho meza.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa namwambia mzee kwamba zile picha za kichwa ulizopigwa Mwanza zimesomwa na mabingwa wa Dar es Salaam. Una uvimbe. Umeota kwenye mshipa wa fahamu utokao sikioni kwenda kwenye ubongo. Huo ndio uliokunyang'anya sikio, na huo ndio unaokuyumbisha unapotembea."

Swaumu alishika ukingo wa meza. "Ni saratani?"

"Hapana, mama. Si saratani."

"Sema tena."

"Si saratani. Hausambai, wala hauli nyama. Ni uvimbe tu, unakua polepole palepale ulipo."

Hapo Swaumu alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika chumba kile. Alirusha kichwa nyuma, akapiga kigelegele. Kilikuwa kigelegele kamili cha harusini, kirefu, chenye mikunjo. Muuguzi alifungua mlango akidhani kuna mtu amekufa. Kule nje kwenye mabenchi, mwanamke mmoja asiyejua hata kinachoshangiliwa alikiitikia kwa cha kwake.

"Kaa kwanza, mama," alisema daktari, naye akicheka bila kutaka. "Hatujamaliza."

Swaumu alikaa. Daktari akaeleza, safari hii akimtazama yeye. Uvimbe ukiachwa, utakwenda ukikua. Labda kwa miaka mingi, labda kwa michache, lakini iko siku utaukandamiza ubongo, na siku hiyo itakuwa jioni sana kuanza kutafuta njia. Dar es Salaam alikuwapo bingwa mgeni, Mbulgaria, aliyeletwa kupasua vichwa na kuwafundisha vijana wetu. Mwisho wa mwezi anarudi kwao. Matibabu ni bure, serikali inalipa. Ila mshipa wa sikio na mshipa unaochezesha uso hupita pamoja, imebanana kama uzi na uzi katika kamba moja. Akiung'oa uvimbe wote, huenda akaukata na ule wa uso.

"Na ukikatwa?" aliuliza Abbasi.

"Nusu ya uso inalala. Jicho halifumbiki vizuri, mdomo unaanguka upande mmoja."

"Uso utapinda," alisema Abbasi polepole, kama mtu anayepima ubao.

"Huenda. Kuna njia nyingine, kuuondoa uvimbe na kubakiza kile kipande kilichong'ang'ania mshipa wa uso. Uso huenda ukapona. Lakini kisiki ukikiacha, mama, huchipua. Mimi ningeng'oa wote."

Swaumu aliuliza swali moja tu. "Huo mdomo ukianguka, midomo inafungana?"

"Upande mmoja huenda isifungane."

Abbasi, aliyemwona akijigusa mdomo kwa ncha ya kidole, alidhani mkewe anauhurumia uzuri wake.

* * *

Kutoka hospitali hadi nyumbani kwao Mtendeni, Abbasi alitaka wapite vichochoroni. Swaumu alikataa. Alishika barabara kubwa, akapepesuka kama alivyopepesuka kwa miezi mingi, mara kulia, mara kushoto, kanga ikimdondoka na yeye akiirudisha. Malori ya Operesheni yalipita yamejaa watu wa vijijini, magodoro, kuku na miti ya mapaa waliyoibomoa, wakihamishiwa kwenye vijiji vipya. Vumbi likatanda. Swaumu akapita katikati ya vumbi hilo akicheka peke yake.

Mji mzima wa Tabora ulikuwa umeshamhukumu. Mwanamke anayefundisha watoto Kurani katika uwanja wa nyumba yake, mchana kweupe anatembea akishika kuta! Wakasema anakunywa. Wengine waliitaja hadi nyumba ya Ipuli anakoinunua hiyo gongo. Wazazi wakaanza kuwaondoa watoto wao mmoja mmoja. Mzee Mayala, balozi wa nyumba kumi, alikuja jioni moja akakaa barazani, akazungumza habari za mvua na za mahindi, kisha akauliza kwa upole kama mwalimu ana matatizo yoyote ambayo Chama kinaweza kumsaidia kuyaacha.

Mbele ya duka la ushirika palikuwa na foleni ndefu ya sukari. Wanawake walikuwa wamekaa kando ya vikapu vyao vilivyopangwa mstari. Walipomwona Swaumu anakuja akiyumba, walianza kugusana viwiko.

"Mama Mwanahawa, twende zetu," Abbasi alimwambia mkewe.

"Ngoja." Swaumu alishika nguzo ya baraza, akasafisha koo. "Jamani! Nyote hamjambo? Nimetoka hospitali. Mimi nina uvimbe humu sikioni. Si pombe! Si saratani! Ni uvimbe! Anayetaka na aende kumuuliza daktari, yupo mpaka saa nane!"

Abbasi alitazama viatu vyake. Mwanamke mmoja aliyekuwa amemwondoa binti yake chuoni wiki ile ile alianza kutafuta kitu ndani ya kikapu kitupu. Kisha bibi mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unaumwa, mwanangu, na sisi tunakuteta?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mungu atusamehe." Na hapo foleni yote ikavunjika, wanawake wakamzunguka kumpa pole na hongera kwa pamoja, hata msimamizi wa duka akapiga kelele kwamba asiyerudi mstarini hapati sukari.

Dolatbai, mke wa Bhagwanji wa duka la vitambaa, alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni pake. Alimwita Swaumu ndani, akampa kiti na maji.

"Baba mkwe wangu alipasuliwa hivyo hivyo, Bombay," alisema. "Walitoa uvimbe wote. Uso ulilala upande huu. Alikunywa chai na kitambaa chini ya kidevu mpaka alipofariki. Lakini aliishi, Swaumu! Miaka mingi. Aliwalea hata wajukuu."

"Na maneno? Alitamkaje?"

Dolatbai alifikiri. "Sisi wa nyumbani tulimwelewa. Wageni iliwabidi waulize mara mbili. Pe na be zilimponyoka, zikitoka upepo mtupu."

Swaumu alirudisha bilauri mezani bila kuyamaliza maji.

* * *

Baada ya Magharibi jamaa walikusanyika uwanjani. Alikuja Mjomba Mussa, mdogo wake marehemu mama yake Swaumu, na alikuja wifi yake Maua, dada mkubwa wa Abbasi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Mwanahawa, binti pekee wa nyumba, alimimina kahawa. Swaumu alipewa mahali pa heshima pa mgonjwa, pembeni, mto mgongoni, ukuta ukiwa kulia kwake.

Maana yake ni kwamba mkutano wote ulikuwa kushoto.

Alisikia vipande. "...Maulidi wiki ijayo..." Hiyo ilikuwa ya Maua. "...kumfungua mtu kichwa kama boga..." Ya Maua tena. Mjomba Mussa alitaja Ulyankulu, huko kuna mganga miongoni mwa wakimbizi waliotoka Burundi, anaumika kwa pembe, uvimbe unatoka kama kokwa. Abbasi alisema jambo refu ambalo hakulinasa hata neno. Maua akamjibu, safari hii kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini ndiyo iliyomuudhi Swaumu kuliko yote. Vichwa vitatu vilitikisika. Jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa.

Swaumu alisimama. Dunia ikazunguka, akaingoja itulie. Akakokota mto wake mpaka katikati yao, akaketi akiwa amemwelekezea wifi yake sikio la kulia.

"Sasa anzeni upya," alisema.

"Wifi, hatukutaka kukuchosha..."

"Sijachoka. Mmeamua nini?"

Maua alimtazama Abbasi amsaidie, Abbasi akaitazama kahawa. "Tumesema usubiri," alisema Maua. "Si saratani, daktari kasema mwenyewe. Una haraka gani ya kisu? Maulidi yanakuja, wasichana wako watasoma mbele ya mji mzima, mwaka mzima umewaandaa. Nenda Ulyankulu kwanza. Na tuseme ukweli, wifi, uso ukipinda je? Huyu Abbasi ni mwanamume. Wanaume ni wanaume."

"Dada!" alisema Abbasi.

"Nimesema uongo?"

Abbasi hakujibu, na Swaumu alikuwa anamtazama wakati hajibu.

"Wifi," alisema Swaumu, "mimi nina miaka arobaini na kitu, uso huu umeshafanya kazi yake. Hebu nitazame mdomo. Be. Umeona? Midomo imefungana. Mimu. Fe, jino la juu limekaa juu ya mdomo wa chini. Wau, midomo imekusanyika. Hizi ni herufi za mdomo. Mtoto hazipati kwa kusikia tu, anazipata kwa kunitazama. Sasa shika mdomo wako hapa pembeni, uvute chini. Uvute! Haya, sema fe."

"Mimi mtu mzima nivute mdomo?"

"Vuta, wifi yangu."

Maua alivuta mdomo wake kwa kidole. Akasema fe. Kilichotoka kilikuwa upepo na mate, na mate yale yalimfikia Mjomba Mussa kwenye ndevu. Mwanahawa alicheka mpaka akaliweka chini dele la kahawa. Mjomba akacheka. Hata Maua alicheka, akijifuta kwa kanga, akajaribu tena kwa be, ikatoka mbaya zaidi, wakaangua kicheko upya kama watoto waliomzidi mwalimu wao akili.

Halafu kicheko kiliisha chenyewe, kwa sababu wote walikuwa wameelewa.

"Sikio limekwenda," alisema Swaumu. "Mtoto akikosea najua amekosea, ila sijui ni yupi, inanibidi nigeuze kichwa chote kama kuku. Nimezoea. Lakini mdomo ukienda, nitawafundisha nini? Nitawafundisha Kurani mbovu? Na nikisubiri, wifi, nitasubiri nini? Kitu kinakua kichwani mwangu, na mwisho wa mwezi Mbulgaria anakwenda kwao. Ulyankulu naiheshimu, lakini pembe haifiki huko ndani ya fuvu. Nakwenda Dar es Salaam. Nitamwambia bingwa atoe anachoweza, na kile kipande cha kwenye mshipa wa uso akiache."

"Daktari kasema kisiki huchipua," alisema Abbasi.

"Na kichipue. Mpaka kichipue, miaka hiyo ni yangu."

Mjomba Mussa alivuta ndevu zake ambazo hazijakauka. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema. "Mimi nimeridhika. Mganga wa Ulyankulu na atibu wengine."

"Na wasichana?" Maua hakuwa mtu wa kushindwa bila kudai chake. "Nani atasimama nao Maulidini?"

"Wewe."

"Mimi! Mimi nimesahau kila kitu!"

"Hujasahau. Nyumba yako na yangu zina ukuta mmoja. Alfajiri ukisoma ninakusikia, na kwa sikio hili moja nakwambia, unasoma vizuri kuliko unavyozungumza na watu."

Kesho yake asubuhi, kabla jua halijapanda, Maua alikuwa ameshaketi mkekani uwanjani kwa Swaumu, fimbo mkononi, akiwaambia wasichana wanyooshe migongo.

* * *

Siku ya safari kituo cha reli kilikuwa kama sikukuu. Wasichana wa chuo walikuja wote na mitandio yao meupe, na wale waliokuwa wameondolewa nao walikuja, mama zao wakiwasukuma mbele. Maua aliwapanga mistari jukwaani, wakaanza kasida ya Maulidi, abiria wakatoa vichwa madirishani. Mzee Mayala alileta kibuyu cha asali ya msituni na kukikabidhi bila hotuba, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu. Dolatbai alileta kitambaa laini cha kichwa, maana alijua nywele zitanyolewa nyuma ya sikio.

"Wifi," alisema Maua dirishani, akiwa amesahau kuchagua upande. Akakumbuka, akazunguka akaja dirisha la pili. "Wifi, yule mdogo wa mwisho ananiambia mimi namlisha herufi haraka."

"Ni kweli. Mlishe polepole."

"Haya. Nenda salama. Na usipokuja na mdomo wako nitakuja kuuchukua mwenyewe."

Gari likapiga king'ora. Swaumu alitazama mji ukirudi nyuma. Bibi mzaa bibi yake alifika Tabora kwa miguu kutoka Manyema, mzigo kichwani, katika misafara iliyokuwa ikielekea pwani. Akaumwa mguu, akaachwa hapa, akaolewa hapa. Katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuimaliza njia ile mpaka baharini. Moyo ulikuwa unamdunda, na hakuweza kujua ni hofu au ni furaha ya mtoto anayepanda gari kwa mara ya kwanza.

Walipopita Malongwe, Abbasi alianza kuzungumza bila kumtazama. "Siku ile niliuliza habari ya uso. Dada hakusema uongo. Niliuliza kwa ajili yangu. Niliogopa nitakutazama vibaya bila kutaka, na wewe utaona."

Swaumu alimngoja amalize.

"Na sasa?" aliuliza.

"Naogopa bado. Lakini nimekuja."

Swaumu alifungua kibuyu cha asali, akachovya kipande cha mkate, akampa.

* * *

Bingwa Mbulgaria alikuwa mtu mrefu mwenye mikono midogo kama ya mwanamke. Muuguzi Apolinaria, mtu wa Kasulu, ndiye aliyekuwa akitafsiri. Bingwa alimtazama Abbasi na kusema maneno mengi.

"Anamwambia mzee kwamba yeye hapendi kazi nusu," alisema Apolinaria. "Anasema akitoa wote, basi ni safi, umemaliza. Akibakiza, itabidi urudi kupimwa kila mwaka, na huenda akina daktari wengine wakapasua tena mbele ya safari. Anamwomba mzee afikiri."

Abbasi alimtazama mkewe. Akatazama sakafu. Swaumu aliona kwamba hata hapo, baada ya njia yote ile, watu wawili walikuwa wanangojea neno la mtu wa tatu kuhusu kichwa chake.

"Mwambie anitazame mimi," alimwambia Apolinaria. "Mwambie namheshimu, na kwamba najua anachosema. Kisha mwambie asikilize hii."

Akazisema herufi zake nne, moja baada ya moja, polepole, kama anavyowasomea watoto wa siku ya kwanza. Bingwa aliinama akamkodolea macho midomoni. Akauliza kitu.

"Anauliza ni maombi?"

"Mwambie ni kazi. Mimi mwalimu. Hii ndiyo kazi yangu."

Apolinaria alieleza, kwa mikono na kwa maneno. Bingwa akaweka jino la juu kwenye mdomo wake wa chini, akasema "fe," akagusa shavu lake mwenyewe kuuhisi mshipa ukifanya kazi. Akatikisa kichwa mara kadhaa, akiwa na uso wa mtu aliyeuziwa kitu kwa bei asiyoitaka lakini ya haki.

"Amekubali," alisema Apolinaria, naye sauti imempanda. "Anasema uvimbe ukiachia mshipa kwa hiari, atatoa wote. Ukikataa, hatashindana nao. Kipande kitabaki."

* * *

Kipande kilibaki. Bingwa alisema ni kama punje ya mtama.

Swaumu alizinduka kichwa kimefungwa bandeji, dari ikizunguka, akitapika maji matupu. Kitu cha kwanza alichojaribu kabla hata ya kuuliza ni siku gani kilikuwa fe. Upepo ulivuja kona ya kushoto. Alijaribu be. Ikavuja. Machozi yalimtoka, ya jicho la kushoto yakichelewa kuliko ya kulia.

Bingwa alikuja akampima kwa kumwambia akunje uso, afumbe macho, avimbishe mashavu. "Mshipa ni mzima, ameuona kwa macho yake," alitafsiri Apolinaria. "Umechoka tu, umelala. Utaamka. Anasema ufanye mazoezi."

Mazoezi! Hilo ndilo neno alilokuwa akiwaambia watoto kila siku ya Mungu. Basi Swaumu alifanya mazoezi. Alianza kwa kunong'ona, akienda akipaza. Mama wa kitanda cha jirani, Mluguru aliyevunjika nyonga, aliudhika kwanza, halafu akaanza kumsahihisha: "Hiyo bado, dada. Hiyo imevuja." Baada ya siku chache wodi nzima ilikuwa na maoni. Aliyekuja kufagia aliuliza habari ya fe kabla ya kuuliza habari ya asubuhi. Apolinaria, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, alichoma sindano huku akisema "be, be, be" bila kujisikia.

Abbasi alikuja kila saa ya kutazama wagonjwa. Alimshika mkono akajifunza naye kutembea kwenye ujia, maana miguu ilikuwa imesahau njia iliyonyooka. Siku moja alikuja akihema. Mtu wa reli aliyetoka Tabora alikuwa amemletea salamu kwa mdomo: Maulidi yalikwenda vizuri, wasichana walisoma mpaka wazee wakalia, na Maua alilia kuliko wote, kisha akamgombeza kila aliyemwona akilia.

Swaumu alicheka. Kicheko kilianza upande wa kulia, kama ilivyokuwa siku zote tangu apasuliwe. Halafu kona ya kushoto ya mdomo ikatikisika, ikapanda kidogo, kama mtu mvivu anayeitwa mara ya tatu.

"Rudia," alisema Abbasi.

"Nirudie nini?"

"Cheka tena!"

"Siwezi kucheka kwa kuamriwa, Baba Mwanahawa."

"Basi sema ile herufi yako."

Swaumu aliweka jino kwenye mdomo. "Fe," alisema. Akasita. "Fe. Fe! Fe!"

Mama wa Uluguru aliinuka kwenye mto wake. "Hiyo haikuvuja!" alipiga kelele. "Nesi! Nesi, njoo usikie! Haikuvuja!"

* * *

Walirudi kwa gari la Bara, daraja la tatu, wamebanana na vikapu na watoto wa watu. Baada ya Manyoni alipanda mzee mmoja mwenye jogoo kwapani, akaketi mkabala nao. Alikitazama kitambaa cha kichwani kwa Swaumu, akautazama mdomo wake ambao upande mmoja ulikuwa bado unachelewa kidogo, kisha akamwinamia Abbasi.

"Mkeo anaumwa, bwana?"

Abbasi aliegemea nyuma. "Mwenyewe huyo hapo, mzee," alisema. "Muulize. Ila kaa huku kulia kwake."

Mzee alihama na jogoo wake. Swaumu akamwamkia, akaanza kumsimulia tangu mwanzo: kuta alizozishika, gongo ya Ipuli asiyowahi kuinusa, foleni ya sukari, mate ya wifi kwenye ndevu za mjomba. Watu wa viti vya jirani waliacha mazungumzo yao. Mtoto alipolia alinyonyeshwa haraka anyamaze. Gari lilipofika Itigi, habari ilikuwa imefika mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na Itigi ndiko mzee alikokuwa anashuka.

Alishuka kwa shingo upande. Lakini hakwenda zake. Alisimama chini ya dirisha, jogoo kwapani, akisikiliza kwa mdomo wazi, na gari lilipoanza kuondoka alianza kutembea nalo, kisha kukimbia nalo, kanzu imekunjwa mkononi.

"Halafu?" alipiga kelele. "Halafu ikawaje, mama?"

Swaumu alitoa kichwa chote dirishani, Abbasi akimshika kanga kwa nyuma asianguke.

"Nikapona, baba!" alimjibu, na maneno yakatoka mazima. "Nikapona!"